Jicho jeupe kwenye picha za ubatizo

Saa moja kasorobo asubuhi, Mikumi imeshaamka. Malori yaliyolala kando ya nyumba za wageni yanawashwa moja baada ya jingine, na kila linaloingia barabara kuu ya kwenda Iringa linaacha vumbi lake mlangoni kwa Rebeka Hezekia.

Rebeka ameipa barabara mgongo. Amekaa kwenye stuli ndani ya chumba chake cha picha, khanga safi ameitandaza mapajani, na juu ya khanga ipo kamera nyeusi iliyotolewa lenzi. Mkononi ana kimpira cha bluu, kile ambacho akina mama humvutia mtoto kamasi. Anakiminya mbele ya tundu la kamera, anachungulia, anakiminya tena.

"Humu ndani kuna kibamba kidogo, ukubwa wake kama stempu ya barua. Ndicho kinachoona," anasema bila kuinua macho. "Punje moja ya vumbi ikitua hapo, kila picha inatoka na doa. Bibi harusi wa watu anapata chunusi ambayo hakuja nayo."

Utingo wa lori la mbao anasimama mlangoni, uso bado una usingizi. Anataka picha za pasipoti, na anazitaka haraka kwa sababu dereva wake ameshawasha gari. Rebeka anarudisha lenzi, anamkalisha mbele ya shuka jeupe, anamwinua kidevu kwa kidole kimoja. Kacha!

"Tayari?"

"Tayari, kaka. Picha nne, shilingi elfu nne. Mwambie dereva akupe dakika tano."

Rebeka ana umri wa miaka arobaini na moja na ni mama wa watoto wawili. Alizaliwa katika vijiji vya milimani juu ya Kilosa, baba yake akiwa mwalimu wa shule ya kanisa. Miaka kumi na miwili sasa anaishi kwa kupiga picha. Siku za kazi ni pasipoti za madereva. Mwisho wa wiki ni harusi, ubatizo na kipaimara, kuanzia Ruaha kwenye mashamba ya miwa hadi vijiji vya Chanzuru, karibu na mji wa Kilosa. Mwezi mzuri humwachia kama shilingi laki nne. Mwezi wa masika, njia zikikatika, humwachia matope.

Kamera yake si ya kifahari na wala si ya kuchezea. Ni ya daraja la kati, zile nzito zenye kioo ndani kinachoruka kila unapobonyeza. Aliinunua miaka saba iliyopita ikiwa imeshatumika, kutoka kwa mzee Gabrieli, mpiga picha wa Morogoro aliyemfundisha kazi na ambaye wakati huo alikuwa anastaafu kwa sababu ya mgongo.

Ukimuuliza uzuri na ubaya wake, anaizungumzia kama mwanamke anayemsema mume aliyekwisha kumzoea.

"Haichoki. Betri moja inamaliza harusi nzima, kuanzia kupambwa hadi kukata keki, na kesho yake inaenda kanisani. Iliwahi kuanguka kutoka kwenye bodaboda pale Kidodi, nikaipangusa, ikaendelea na kazi. Ukichungulia kwenye tundu lake unamwona mtu mwenyewe, siyo televisheni ya mtu. Na picha yake imeshiba. Naweza kumkata bibi aliyesimama nyuma kabisa, nikamchapia peke yake, na kope zake zikahesabika."

Anapumua kidogo, kisha anageukia upande wa pili.

"Sasa ubaya. Ni nzito, shingo yangu inajua. Ina kelele. Padri mmoja aliwahi kukatisha sala akanitazama. Video ndiyo usiseme, inatafuta uso wa mtu kama mtu aliyepoteza funguo. Haiwezi kurusha picha kwenye simu mpaka nitoe kadi niweke kwenye kompyuta, na wateja wa siku hizi wanataka picha ziwe WhatsApp kabla keki haijaisha mdomoni. Mwanga ukipungua tu, picha inajaa chenga utadhani umeinyunyizia pumba."

"Halafu kuna flashi," anasema, na hapo sauti yake inashuka.

Flashi anayoisema ni ile ndogo iliyojengewa juu ya kamera, inayoinuka kama kifuniko cha birika unapobonyeza kitufe. Kwa kuwa ipo karibu mno na lenzi, mwanga wake huingia moja kwa moja kwenye mboni ya jicho na kurudi palepale. Matokeo yake ni watu wenye macho mekundu kama makaa. Wapiga picha wengi huiona ni kasoro kubwa ya kamera za namna hii, na Rebeka alikuwa mmoja wao. Amekaa saa nyingi mbele ya kompyuta akifuta wekundu kwenye macho ya watu.

"Nilikuwa naiita flashi ya aibu," anasema. "Sasa nikiiona inainuka, mwili unanisisimka."

Ilikuwa Jumapili moja ya masika, miaka miwili iliyopita. Rebeka alikuwa ameitwa Chanzuru kupiga picha za ubatizo wa Joyce, mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Wazazi wake, Tomasi na Sikuzani, ni wakulima wa mahindi na mpunga, na huyo alikuwa mtoto wao wa kwanza baada ya miaka sita ya kusubiri.

Sherehe ilipangwa iwe uani chini ya turubai. Kabla wali haujapakuliwa, mvua ikaja na upepo wake, turubai likaenda kwa jirani, na watu wote wakaingia ndani. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yamefungwa, mwanga hafifu. Rebeka akatoa flashi yake kubwa ya kuchomeka, ile anayoitegemea. Ilikuwa imelowa. Akaibonyeza mara tatu, haikujibu.

"Nikasema basi, leo ni macho mekundu. Nikainua ile ndogo."

Alipiga picha mia moja na kitu. Joyce alikuwa kwenye kumi na saba, amevaa gauni jeupe na kofia ya kufuma, akipakatwa na huyu na yule.

Jumanne, akiwa Mikumi, Rebeka alikaa kusafisha picha. Akaanza na ile nzuri kuliko zote: Joyce mapajani kwa mama yake, anaitazama kamera, anacheka na meno yake manne. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kama la kila mtu mle chumbani. La kushoto lilikuwa jeupe. Weupe wake ulikuwa wa kung'aa, kama sarafu mpya iliyo chini ya maji.

"Nikafanya nini? Nikatengeneza. Nilichukua jicho zima la kulia, nikaligeuza, nikalibandika kushoto. Likakaa vizuri kabisa. Nikaichapa, nikaipenda."

Picha ya pili ilikuwa vilevile. Ya tatu vilevile. Alipofika ya nne hakuitengeneza.

Alirudi mwanzo, akazitazama zote kumi na saba. Kwenye sita mtoto hakuwa ameangalia kamera. Kwenye kumi na moja zilizobaki, tisa zilikuwa na jicho jeupe, na kila mara lilikuwa lile la kushoto.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kamera imeharibika. Akawaita wanawe, akafunga mlango na pazia, akawapiga picha kwa flashi ile ndogo. Macho mekundu. Akamwita mtoto wa jirani. Macho mekundu. Kamera haikuwa na shida yoyote.

Akampigia simu mzee Gabrieli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rebeka. Kamera imekufa?"

"Haijafa, mzee. Imeona kitu nisichokielewa."

Akamweleza.

"Ni jicho lilelile kila picha?" mzee Gabrieli akauliza.

"Lilelile."

"Usilifute."

Mzee akamweleza kwamba zamani aliwahi kumfanyia kazi daktari mmoja wa macho, akimpigia picha za wagonjwa. Daktari yule ndiye aliyemfundisha kwamba mwanga ukiingia kwenye jicho lenye afya hugonga nyuma, palipo na damu, na hurudi ukiwa mwekundu. Ukirudi mweupe kila mara, huenda kuna kitu kimesimama njiani. Kinaweza kuwa mtoto wa jicho. Kinaweza pia kuwa uvimbe, na uvimbe wa jicho la mtoto mdogo hausubiri.

"Mimi kabla sijaambiwa hayo nilishafuta moja," Gabrieli alimwambia. "Mtoto wa kiume. Nilimpaka jicho rangi kwa brashi, mama yake akafurahi, akaondoka. Sijui iliishaje. Wewe bado hujachelewa, nenda."

Kesho yake asubuhi Rebeka alifunga chumba, akapanda basi la Kilosa, na kutoka Kilosa akachukua bodaboda hadi Chanzuru. Anakumbuka kwamba njia nzima aliishika kamera kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Sikuzani alimpokea kwa furaha akidhani picha zimekwisha. Tomasi akatoa kiti. Rebeka akakaa, akawasalimia, kisha akasema alilojia bila kulizungusha.

Tomasi alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasimama.

"Dada, sisi tulikuita utupige picha. Hatukukuita utuagulie mtoto. Joyce anacheza, anakula, anatembea. Mgonjwa gani huyo?"

"Kaka, mimi si mganga wala si daktari. Naomba tu apelekwe akatazamwe."

"Na asipokuwa na kitu? Kijiji kizima kitasema mtoto wangu ana jicho la ajabu. Neno hilo utakuja kulitoa wewe?"

Aliyeongea ni Sikuzani, na aliongea akiwa ameinamisha kichwa.

"Baba Joyce, mimi nimeliona."

Tomasi akageuka.

"Nikiwasha taa jioni, akigeuka kuniangalia, linameta kama la paka. Tangu mwezi wa kwanza mwaka huu. Nikadhani ni macho yangu mimi. Nikaogopa kulisema."

Rebeka akafanya kitu pekee anachokijua. Akaomba mlango ufungwe na madirisha yafungwe. Akainua flashi ndogo, akampiga Tomasi picha. Akampiga Sikuzani. Akampiga mtoto wa jirani aliyekuwa amekuja kuazima mchi. Mwisho akampiga Joyce mara tano, kutoka mbele, kulia na kushoto.

Akampa Tomasi kamera mkononi na kumwonyesha kitufe cha kupitisha picha. Tomasi akajiona yeye, macho mekundu. Mkewe, macho mekundu. Mtoto wa jirani, macho mekundu. Akapitisha tena, akafika kwa binti yake. Akaitazama ile ya kwanza. Akapitisha hadi ya tano, akarudi nyuma, akapitisha upya.

"Hii inakuzwaje?" akauliza kwa sauti ndogo.

Rebeka akamwonyesha. Uso wa Joyce ukakua hadi jicho likajaa kioo chote, jeupe, wazi, bila chenga hata moja. Tomasi akaiweka kamera mezani taratibu sana.

"Sikuzani," akasema, "lete kadi yake ya kliniki."

Katika zahanati ya Chanzuru, muuguzi Scholastica alimulika macho ya Joyce kwa tochi ndani ya chumba chenye giza. Alimulika kwa muda mrefu. Kisha akaziomba zile picha, akazitazama kwenye kioo cha kamera, na kuandika rufaa ya kwenda Kilosa siku hiyohiyo.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa," anasema muuguzi huyo. "Mtoto yule alishapita mikononi mwangu kwa chanjo na kupimwa uzito. Mchana, kwenye mwanga wa kawaida, huoni kitu. Nilishika ile kamera nikajiona mdogo."

Kutoka Kilosa walipelekwa Morogoro, na kutoka Morogoro hadi hospitali kubwa Dar es Salaam. Ilikuwa saratani ya jicho, ile inayowapata watoto wadogo. Madaktari walisema ilikuwa bado imo ndani ya jicho, haijatoka nje wala kuelekea kwenye ubongo. Walisema pia kwamba jicho lenyewe haliwezi kuokolewa.

Rebeka alikuwa anampanga dereva wa lori mbele ya shuka jeupe simu ilipolia. Alikuwa Tomasi.

"Dada, wanataka kulitoa."

"Nani?"

"Madaktari. Wanataka kumtoa mwanangu jicho. Mama yake hali, halali. Mimi nimeshika kalamu ya kutia saini tangu asubuhi. Niambie wewe. Wewe ndiye uliyeliona."

Dereva yule aliondoka bila picha. Rebeka alikaa sakafuni.

"Nilimwambia kaka, mimi naona picha tu, wao ndio wanaoona ndani. Kama mngekuwa mmeshachelewa, wasingekupa kalamu. Kisha nikamwambia nakuja. Nilipanda basi la jioni nikiwa na nguo nilizovaa."

Alipofika wodini, karatasi ilikuwa imeshatiwa saini. Alikaa na Sikuzani kwenye benchi siku nzima ya upasuaji, wameshikana mikono. Kamera ilibaki kwenye mkoba. Anasema hakuwahi kuwa mahali penye mengi ya kupiga picha kama pale, na hakuthubutu.

Daktari bingwa aliyemtibu Joyce alimtafuta Rebeka baadaye. Hakuwa na mengi. Alitaka kujua ni kamera gani, flashi gani, na kwa nini hakuzifuta picha. Kisha, kwa ruhusa ya wazazi, akaomba nakala ili awaonyeshe wanafunzi wake.

"Aliniambia miezi mitatu, minne mbele, mazungumzo yangekuwa mengine," Rebeka anasema. Anatazama mikono yake. "Nilishaichapa ile ya kwanza, unajua? Yenye macho mawili mazuri niliyoyatengeneza mimi. Ninayo mpaka leo kwenye droo. Huwa naitoa na kuitazama."

Joyce sasa ana miaka mitatu na ushee. Uani kwao Chanzuru anamfukuza bata, anamkosa, anamfukuza tena. Jicho la kushoto ni la bandia na limemkaa vizuri, ila kabla ya kuruka mfereji hugeuza kichwa kidogo ili apime kwa lile la kulia. Kila baada ya miezi kadhaa hurudi hospitali kukaguliwa, na hadi sasa majibu ni mazuri.

"Ningeusikiliza mdomo wangu, mtoto asingekuwepo," anasema Tomasi. Anakwenda kumfungulia bata banda.

Sikuzani ndiye anayeongea. "Watu wanauliza kama ni muujiza. Mimi nawaambia ni mvua. Mvua ndiyo iliyotuingiza ndani, ikaloweka ile flashi nzuri. Nikifikiria jinsi yote yalivyopangana, naacha hata jembe."

Jambo hilo halikumwachia Rebeka usingizi. Mwaka jana alimfuata muuguzi Scholastica na ombi: siku za kliniki ya watoto, amruhusu akae kwenye chumba chenye giza na kamera yake, ampige picha kila mtoto ambaye mama yake amekubali. Bila malipo. Muuguzi alikubali baada ya wakubwa wake kuridhia, na akaweka sharti moja.

"Yeye hamwambii mama yeyote kwamba mtoto anaumwa," anasema Scholastica. "Ananionyesha picha, mimi namulika kwa tochi, na nikiwa na shaka naandika rufaa. Kamera si daktari."

Siku ya kwanza walipita watoto arobaini na sita. Kwa mtoto wa thelathini, jicho moja lilitoka jeupe, na Rebeka akamwonyesha muuguzi. Muuguzi alikigeuza kichwa cha mtoto kidogo, picha ikapigwa tena, mara tatu. Mekundu yote. Ilikuwa ni pembe tu: mwanga uliangukia sehemu ya jicho ambayo kwa kawaida hurudisha weupe.

"Jioni nilikuwa na picha za watoto arobaini na sita, mbaya kabisa, macho yamewaka kila mahali," anasema Rebeka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka. "Nilikaa nikaziangalia moja moja. Sikufuta hata moja."

Tangu hapo amewapiga picha zaidi ya watoto mia tatu. Wawili waliandikiwa rufaa. Mmoja alikutwa na mtoto wa jicho na ameshafanyiwa upasuaji. Mwingine alikutwa hana tatizo. Baada ya msimu wa miwa anataka kuanza Ruaha, kisha apande milimani kwenye vijiji alikozaliwa, ambako zahanati ziko mbali na njia ni ya miguu.

Lakini mkono mmoja na kamera moja havitoshi, na hilo analijua. Kwenye daftari lake ameandika majina kumi na tisa ya wapiga picha wenzake, kutoka Mikumi hadi Kilosa mjini. Wengi ni vijana, na kamera zao ni za daraja hilihili la kati. Ameshaomba ukumbi wa kanisa kwa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, na kumi na wanne wamekubali kuja.

Somo lake, anasema, halitazidi nusu saa.

"Kazi yetu ni kuwapendezesha watu, sitawaambia waiache. Futeni chunusi, futeni jasho, mwondoeni hata shangazi aliyepita nyuma. Ila ukitaka kufuta kitu kwenye jicho la mtoto, simama kwanza. Mpigie simu mama yake."